Matundu Mawili ya Dramu

Baba yangu si fundi. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi na vitunguu, na kila mwenye gari ya mizigo anajua: usipoitengeneza mwenyewe, faida yote inaishia gereji. Tulikaa Busia, upande wa Kenya, katika nyumba ya kukodi yenye mwembe mmoja uani. Chini ya mwembe huo ndiyo ilikuwa gereji yetu. Baba alilala chini ya pikapu, Toyota Hilux ya zamani, na mimi nilishika tochi na kumpa spana. Nilikuwa na miaka tisa. Spana namba 10, 12, 14 na 17 nilizitambua hata gizani.

Jumamosi tarehe 22 Desemba 2007, siku tano kabla ya uchaguzi, gurudumu moja la nyuma lilikuwa linalia kila Baba akikanyaga breki. Akainua gari kwa jeki, akaiweka juu ya mawe, akatoa tairi. Ikabaki dramu ya breki, ile bakuli nzito ya chuma inayofunika breki shuu. Dramu ikakataa kutoka. Akaimwagia mafuta ya taa, akangoja. Ikakataa. Akachukua nyundo. Mama akatoka jikoni akasema, "Baba watoto, si uite tu fundi?" Baba akajibu kwamba fundi atataka pesa nyingi kwa kazi ya dakika kumi. Akapiga mpaka jua likaanza kuzama. Halafu tukasikia mlio mwingine, mfupi, usio wa kawaida. Dramu ilikuwa imepasuka. Chuma cha kusubu hakipindi, kikizidiwa kinapasuka.

Dukani walimwambia dramu nyingine itatoka Kisumu, baada ya Krismasi, labda baada ya uchaguzi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27. Matokeo yakatangazwa tarehe 30 jioni, na mnajua kilichofuata. Kisumu maduka yalivunjwa na kuchomwa. Hakuna dramu ambayo ingetoka huko. Na sisi tulikuwa na jina la ukoo ambalo, kwa wiki zile, lilitosha kumfanya mtu afungiwe njia. Gari ilikuwa bado juu ya mawe.

Tulivuka mpaka na boda boda ya baiskeli. Begi kubwa lilifungwa nyuma, mimi nikakalishwa juu ya begi, Baba na Mama wakitembea kando. Wakati huo sikujua kwamba nilikuwa nimekaa juu ya historia. Wazee wa Busia wanasimulia kwamba kazi ya boda boda ilianzia pale pale, miaka ya 1960, vijana wakibeba watu kwa baiskeli katika kipande cha barabara kilichoko kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda. Gari hazikuruhusiwa kuvuka hivi hivi bila makaratasi, lakini baiskeli ilipita. Walikuwa wakiita abiria "border, border," na jina likabaki hivyo hata leo kwa pikipiki za Kampala, Nairobi na Bweyale. Kwa hiyo tangu mwanzo, boda boda ni kazi iliyozaliwa kwa sababu gari ilikwama mpakani.

Tulipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kwenye mahema. Baadaye mwaka huo wa 2008 tukapakiwa kwenye mabasi tukaletwa hapa Kiryandongo. Baba akapewa shamba, akalima mahindi. Spana hakushika tena. Hakusema kwa nini, na sisi hatukuuliza. Lakini kila tulipozungumzia safari ile, alinyamaza tulipofika kwenye gari.

Mimi nilimaliza sekondari hapa, na sasa nafanya kazi na vijana. Tuna kikundi cha kutengeneza baiskeli na pikipiki. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja kutoka Sudan Kusini aliniletea pikipiki yake, Bajaj Boxer, ambayo plagi yake ilikuwa imekwama. Injini ilikuwa bado moto. Nikaona haya kusema ngoja ipoe, kwa sababu vijana wote walikuwa wamesimama wananiangalia. Nikaweka spana, nikaongeza bomba kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu, nikavuta. Plagi ilitoka, na meno ya ndani ya kichwa cha injini yakatoka nayo. Plagi ni chuma, kile kichwa ni alumini, na alumini ikiwa moto ni laini. Yule kijana alikaa wiki mbili bila kazi mpaka tulipopata pesa za fundi wa Bweyale. Kwenye ripoti ya mwezi ule niliandika: "Vijana 14 wamefundishwa kubadilisha plagi." Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa ukweli wote.

Mwaka juzi alifariki mama mmoja wa Mulanda, ambaye mwaka 2008 alikuwa akituletea uji pale kwenye mahema. Nikaenda mazishi. Wakati wa kurudi, taksi tuliyopanda ilianza kunuka breki, na gurudumu moja la nyuma likashika kabisa kabla hatujaingia mjini Tororo. Dereva akaisukuma mpaka kwenye gereji ya barabarani: mti, mabati, na mzee mmoja mwenye ovaroli iliyofifia. Abiria wengine wakatafuta gari nyingine. Mimi nilibaki, kwa sababu nilitaka kuona.

Mzee alitoa tairi. Akalegeza hendibreki. Akamwaga maji kidogo kwenye ukingo wa dramu, akasema vumbi la breki za zamani lina asibestosi, si vizuri kulipulizia puani. Nikangoja achukue nyundo. Hakuchukua. Alichukua msumari, akachokoa uchafu usoni mwa dramu, pakatokea tundu dogo. Akachokoa upande wa pili, likatokea lingine. Matundu yalikuwa na meno ndani, kama ya nati. Akaingiza boliti mbili ndogo, za kufungwa na spana namba 12. Akazungusha moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, moja, nyingine. Ncha za boliti ziligusa kitako cha gurudumu nyuma ya dramu na kuanza kuisukuma itoke. Baada ya dakika chache dramu ikasema "tak" na kuachia. Akaivuta kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sufuria jikoni.

Nikamwuliza, "Mzee, hayo matundu ni ya gari hii peke yake?"

Akasema, "Kijana, karibu Toyota zote za dramu ziko nayo. Kiwanda kilijua itakwama. Wakaweka dawa pale pale."

Nilikaa chini. Nilikuwa namwona Baba chini ya mwembe na nyundo yake.

Nikamwuliza mzee alijifunzia wapi, na jibu lake ndilo limenifanya niandike makala hii. Alianza kama spana boi katika gereji ya Mhindi mmoja hapo Tororo, akiwa na miaka kama kumi na minne. Tororo ilikuwa mji wa kazi. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imepita hapo tangu miaka ya 1920, kabla haijafika Kampala mwaka 1931. Kiwanda cha saruji kilianza miaka ya 1950. Palipo na reli na saruji pana malori, na palipo na malori pana gereji na maduka ya spea. Mengi yalikuwa ya Wahindi.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alihutubia wanajeshi katika kambi ya jeshi ya Tororo hiyo hiyo. Hapo ndipo alipotangaza kwamba Waasia watafukuzwa Uganda. Walipewa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka na masanduku yao. Sisi tunaosoma jarida hili tunaelewa maana ya kuchagua kitu cha kubeba na kitu cha kuacha, kwa hiyo sitaeleza zaidi. Mwenye gereji aliondoka na familia yake. Gereji akapewa mtu wa jeshi ambaye hakujua tofauti ya piston na pampu. Spea zote zikauzwa. "Baada ya mwaka," mzee aliniambia, "rafu zote zilikuwa na kalenda tu."

Hapo ndipo somo lake lilianza. Kabla ya 1972, dramu ikipasuka ulivuka barabara ukanunua nyingine. Baada ya 1972, dramu ikipasuka gari imekufa. Mwaka 1976 Amin akadai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, na mpaka ukawa wa wasiwasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli la pamoja likagawanywa. Spea zilikuwa zinapita Busia kwa magendo: kahawa inakwenda Kenya usiku, sabuni, chumvi na breki shuu zinarudi. Bei yake ilikuwa bei ya hatari. Fundi aliyekata boliti ya mteja alikuwa amemkata mguu. Na kama mteja ni mwanajeshi, mzee alisema, unafikiria mguu wako pia.

Aliwahi kukata boliti ya lori la Bedford, ya pale moshi unapotokea kwenye injini. Ilibaki ndani, imezama, bila kichwa. Mwenye lori akasema haondoki. Alilala gereji siku tatu. Siku ya kwanza mzee, wakati huo kijana, alijaribu tindo na nyundo, akaharibu zaidi. Siku ya pili alilia. Siku ya tatu akatoboa tundu jembamba katikati kabisa ya kile kipande, akanoa chuma kigumu kikawa na kona nne, akakipigilia ndani ya tundu, akakizungusha polepole huku akiongeza dizeli. Kikatoka. Hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na siku ya kwanza na ya pili.

Kitu kingine alichonionyesha ni sanduku lake la spana. Lilikuwa kama kitabu cha historia cha mpaka huu. Spana za chini kabisa zilikuwa za inchi, za malori ya Kiingereza, na nyingine za Whitworth, ambazo namba yake haisemi upana wa kichwa cha boliti bali unene wa boliti yenyewe. Za juu zilikuwa za milimita, zilizokuja na Datsun na Toyota. Akanipa nati ya nusu inchi na spana namba 13. Ikaingia. Nikasema imeshika. Akacheka. Nusu inchi ni milimita 12.7. Inabaki nafasi ya milimita 0.3, ndogo kama karatasi chache, na hiyo inatosha kula kona za nati siku itakapogoma. "Nati nyingi hazikukwama," alisema. "Zimeharibiwa na spana ya nchi nyingine."

Sasa fikiria upande wa pili wa mpaka. Kenya miaka hiyo spea zilikuwepo. Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi ilijaa maduka ya spea, na kutoka huko zilifika Kisumu, kisha Busia. Baba alikulia katika nchi ambayo kitu kikikwama unakipiga, kikivunjika unanunua. Kwa hiyo nyundo haikuwa ujinga. Ilikuwa tabia ya mahali ambapo duka liko wazi. Kosa la Baba ni kwamba aliitumia wiki moja kabla ya duka kufungwa. Hata Uganda nzima ilikamatwa vile vile Januari 2008: petroli yake inapita Kenya, barabara zikafungwa, reli ikang'olewa pale Kibera, na bei ya mafuta Kampala ikaruka. Nchi nzima ilikuwa juu ya mawe pamoja na pikapu yetu.

Niliporudi Kiryandongo sikumwambia Baba siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa nikamsaidia, nikamweleza kuhusu matundu. Aliendelea kupukuchua. Halafu akauliza, "Yako mawili?"

"Mawili, Baba. Pande mbili."

"Niliyaona," akasema. "Nilidhani ni ya kutolea maji."

Tulinyamaza. Nilitaka kumwambia si kosa lake, lakini kwetu mtoto hamwambii mzazi maneno hayo hivi hivi. Yeye ndiye alivunja kimya. Alisema kwamba kama gari ingetembea, mpango wake haukuwa Uganda. Alitaka kutupeleka kwa Nyanya, upande wa Eldoret, akidhani kwa jamaa ndiko salama. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Njia zote za huko zilikuwa na vizuizi. Baba alisema, "Pengine tusingefika." Kisha akaongeza, "Lakini sikujua hayo nilipokuwa napiga nyundo. Nilikuwa tu nimeshindwa." Sijui kama dramu ile ilituokoa au ilitutupa. Baba pia hajui. Ninachojua ni kwamba amebeba kushindwa huko miaka mingi peke yake, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukuweka.

Hilo ndilo nataka kusema kwa vijana wenzangu, na kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Hapa makazini tunafundishwa ufundi, na tunashukuru. Lakini fomu zetu zina sehemu ya waliohitimu, hazina sehemu ya boliti zilizokatika. Nimeona kijana aliyepewa sanduku la spana siku ya mahafali, akaharibu gari ya kwanza aliyoletewa, akaona aibu, akauza sanduku kabla ya mwezi kwisha. Watu walisema ameuza msaada. Mimi nafikiri hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba hata yule mzee wa Tororo alilia siku ya pili. Sisi tunaishi kama Tororo ya baada ya 1972. Spea iko mbali, nauli ni ghali, na kitu kimoja kikivunjika mtu analala njaa. Ufundi wa hapa lazima uwe ufundi wa subira, na subira inafundishwa na makosa yaliyosimuliwa.

Kwa hiyo pale kwenye kikundi tumeanza daftari. Kila mtu akiharibu kitu anaandika: ni kitu gani, alifanya nini, kilitokea nini, angefanya nini kwanza. Haandiki jina asipotaka. Hadi sasa lina kurasa 31. Baadhi ya yaliyomo ni haya:

Kabla ya kufungua nati iliyoshika kutu, ikaze kidogo kwanza, kidogo sana. Kutu inavunjika kwa pande zote mbili.

Weka dizeli au mafuta ya taa, nenda kalale. Usiku ni fundi.

Gonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo kabla ya kuzungusha. Kugonga si kupiga.

Ukitumia moto, ondoa kwanza kila kitu kinachoweza kuwaka, na usikaribie tangi la mafuta wala bomba la breki.

Plagi itolewe injini ikiwa baridi. (Huu ukurasa ni wangu, nimeandika na jina.)

Pini ya pedeli ya baiskeli, rudishia nati yake iwe sawa na ncha kabla ya kuigonga, la sivyo unaua meno ya pini.

Ukichoka, acha. Vitu vingi vinavunjika jioni.

Yule kijana wa Boxer alisoma ukurasa wangu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Wewe uliniambia plagi ilikuwa mbovu." Nikasema ndiyo, nilikudanganya. Hakufurahi, na ana haki. Lakini wiki iliyofuata alikuja, na sasa anafundisha wenzake kungoja injini ipoe.

Mwezi uliopita Baba alikuja kwenye kikundi, mara ya kwanza. Aliketi kwenye benchi, akaomba daftari. Mwandiko wake ni wa polepole. Aliandika tarehe 22 Desemba 2007, Busia, kisha akachora duara kubwa, na ndani yake vitundu viwili.

Tunakutana kila Jumamosi asubuhi. Ukiwa na kitu kilichokushinda, kilete. Na kama kimeshavunjika, njoo na habari yake.